Diski ya Terabaiti Mbili

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Lilisema kwamba Ijumaa saa kumi jioni kompyuta zote za chuo zitafutwa na kuwekewa programu upya, kwa hiyo kila mwanafunzi mwenye kazi yake humo aihamishe kabla ya hapo, na chuo hakitahusika na upotevu wowote. Esther alilisoma mara mbili. Kisha akatoa flashi yake mfukoni akaitazama, ingawa alijua vizuri kwamba inabeba gigabaiti nane tu, na kazi yake ilikuwa imefika mia moja hamsini na tano.

Kazi hiyo ilikuwa mahojiano thelathini na moja ya video. Kwa miezi miwili alikuwa amezunguka Kibirizi, kando ya ziwa, na kamera ya chuo begani, akiwahoji wanawake wanaoanika na kuchambua dagaa: wanaamka saa ngapi, mvua ikinyeshea dagaa mbichi hasara ni ya nani, nyumbani nani anashika fedha. Mwalimu wake, Bi Honorata, aliwaambia darasani kwamba asiyewasilisha video zote pamoja na ripoti asitarajie stashahada. Wenzake wenye laptopu hawakujali tangazo lile. Esther hakuwa na laptopu.

Jioni aliwaeleza wazazi wake kwamba anahitaji diski ya nje, kifaa kidogo kama kitabu cha sala, unakichomeka kwenye kompyuta kinabeba kila kitu. Baba yake, Nikodemu, alikuwa barazani akishona sare za shule. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akafika mwisho wa mshono, ndipo akauliza bei. Esther akasema hana hakika, labda laki. Nikodemu akasema laki haipo. Kulikuwa na elfu sabini, na hizo alikuwa ameziweka ili abadilishe kichwa cha cherehani. Mkewe, Veneranda, ambaye aliuza mawese katika soko la Ujiji, akasema kichwa cha cherehani kimesubiri mwaka mzima na kinaweza kusubiri tena. Nikodemu hakujibu, na watu wa nyumba ile walijua kwamba hapo amekubali.

"Diski nazijua," alisema Consolate kutoka mlangoni. "Niende naye kuchagua."

Consolate alikuwa dada yake Veneranda, mtoto wa mama mkubwa wake, na Esther alimwita mama mkubwa. Alitoka katika kambi ya wakimbizi kwa barua ya ruhusa ya siku kumi na nne ili atibiwe macho, na zile siku kumi na nne zilikuwa zimegeuka miezi mitatu. Kabla ya kukimbia Burundi alifanya kazi miaka kumi na sita katika ofisi ya kuchapa na kutunza nyaraka pale Bujumbura. Ujiji hakuna aliyemjua kwa hilo. Walimjua kama mgeni wa Veneranda, anayekwenda Kibirizi kuchambua dagaa na anayeingia ndani mgambo wakipita. Mwaka ule mabasi ya wanaorudi Burundi yalikuwa yanaondoka kambini kila wiki, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa ametangaza kwamba mwenye nyumba atakayekutwa na mkimbizi asiye na ruhusa ataitwa kujieleza. Nikodemu alikuwa amehesabu mara nyingi ni nani mtaani anayejua kuhusu shemeji yake, na kila akihesabu idadi ilizidi kuongezeka.

Alimtazama Consolate, akasema waende, lakini fedha ashike Esther.


Jumanne walizunguka mjini tangu asubuhi. Katika duka la kwanza diski ya terabaiti moja ilikuwa laki na sitini na tano, na ya nusu yake laki na kumi na tano. Muuzaji alipowaona wanatazamana aliirudisha kabatini kabla hawajasema neno. Duka la pili hawakuwa nazo. La tatu lilikuwa la kijana mmoja nadhifu aitwaye Feliksi, aliyeuza simu, spika na saa, naye alikuwa na diski nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko zile za duka la kwanza, kila moja ndani ya boksi lililofungwa kwa nailoni. Juu ya boksi paliandikwa terabaiti mbili. Bei ilikuwa elfu sitini na tano.

Esther alihisi moyo unatulia. Consolate aliomba aione ile moja iliyowekwa nje kwa ajili ya wateja kutazama. Aliilaza kwenye kiganja, akakilegeza kidogo, akaiacha itulie. Kisha akaigeuza, akafanya vilevile. Akauliza kama inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta waone inavyofanya kazi. Feliksi akasema ile ya kuonyesha haina waya, na za kwenye maboksi hazifunguliwi mpaka ziwe zimelipiwa.

"Uzito wake umekaa upande mmoja," Consolate alimwambia Esther kwa sauti ya chini. "Diski nzima uzito wake unajaa kiganja. Na kitu cha ukubwa huu hakiwezi kuwa na bei ndogo kuliko cha nusu yake."

Feliksi alisikia. Hakukasirika. Aliegemea meza, akatabasamu na kumuuliza, mbele ya wateja wengine watatu, mama ni mwenyeji wa wapi. Consolate akasema Ujiji.

"Ujiji nina ndugu wengi," alisema Feliksi. "Kiswahili chako kimevuka mpaka, mama."

Wateja walicheka kidogo, bila ubaya, kama watu wanavyocheka kitu cha kawaida. Consolate aliiweka diski juu ya meza taratibu, akajifunga kanga vizuri na kutoka nje. Esther alimkuta amesimama kwenye kivuli cha ukuta, anatazama barabara pande zote mbili.

Hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Consolate alimpeleka kwenye studio ya picha karibu na stesheni ya reli, kwa mzee mmoja aitwaye Martini, ambaye wazazi wake waliingia Kigoma zamani na yeye akazaliwa hapa hapa. Alimpiga Consolate picha za pasipoti wiki za nyuma, ndivyo walivyofahamiana. Martini alikuwa na diski iliyotumika, ya gigabaiti mia tatu na ishirini, imechubuka pembe na mfuniko wake umebanwa kwa gundi ya karatasi. Aliitaka elfu sabini kamili. Consolate aliichomeka, akanakili humo harusi nzima ya mtu, akaifungua mwanzo, katikati na mwisho, akaifuta, akanakili tena. Akaiweka sikioni, akasikiliza. Muda wote huo yeye na Martini walikuwa wanaongea Kirundi cha harakaharaka. Esther alilelewa kwa Kiswahili, na Kiha cha bibi yake, kinachokaribiana na Kirundi, kilimsaidia kukamata nusu tu. Akasikia neno kazi, akasikia neno Jumatatu.

"Hii," alisema Consolate. "Ni mbaya kwa sura tu."


Usiku ule Nikodemu alisikiliza habari zote mbili mpaka mwisho. Aliuliza maswali machache. Hiyo ya elfu sitini na tano ni mpya? Ni mpya. Ina boksi, ina risiti? Ina. Inabeba kiasi gani? Mara sita ya ile nyingine. Na hiyo nyingine imetumika, imebandikwa gundi, na bei yake ni ileile fedha tuliyonayo, bila kupungua hata mia? Esther akasema ndiyo.

"Huyo Martini alijuaje kwamba tuna elfu sabini?" aliuliza Nikodemu.

Consolate akasema hakuambiwa, ndiyo bei yake. Nikodemu akamuuliza Esther walikuwa wanaongea nini. Esther akasema waliongea Kirundi. Hakuongeza neno, lakini baba yake aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeongezewa mengi. Consolate alianza tena kueleza habari ya uzito, na Nikodemu akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba shemeji anashukuriwa kwa kutembea juani, kesho atakwenda yeye mwenyewe.

Jumatano alikwenda na Esther. Feliksi alimwita mzee, akamwamkia shikamoo, akampa kiti. Alimpunguzia elfu mbili. Aliandika risiti kwa mkono na kugonga muhuri, na chini ya risiti palikuwa na maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikodemu aliikunja akaitia mfuko wa shati. Njiani alimwambia binti yake kwamba biashara ya mtu mwenye anwani ni tofauti na biashara ya watu wanaojuana kwa lugha. Aliporudi alimwonyesha Veneranda boksi. Consolate alikuwa anapepeta mchele uani, hakuinua uso.

Jioni hiyo Consolate alimwomba Esther jambo moja. Katika mahojiano ya kumi na tisa, yule mama wa Kibirizi akizungumza, yeye Consolate alikuwa anapita nyuma na karai la dagaa, sura yake inaonekana vizuri. Video zitakwenda chuoni, na baada ya chuo hajui zitakwenda wapi. Kama inawezekana, kile kipande kikatwe. Esther aliahidi kukikata.


Alhamisi chumba cha kompyuta kilijaa. Esther alipata nafasi saa mbili asubuhi, akachomeka diski, na kompyuta ikaonyesha terabaiti mbili, tupu kabisa. Alianza kunakili. Ilikwenda polepole, saa baada ya saa, na wenzake waliosubiri nyuma yake wakawa wanaguna. Ilipofika saa kumi na nusu majina yote thelathini na moja yalikuwa ndani ya diski, kila jina na ukubwa wake. Alifungua ya kwanza, ikacheza. Ya pili ikacheza, ya tatu ikacheza. Mtu wa nyuma akamgonga bega. Akachomoa.

Ijumaa jioni kompyuta zilifutwa.

Jumamosi mwenzake Regina alimwazima laptopu ili aanze kuandika ripoti. Alikaa nayo sebuleni, mama yake akasogeza kigoda atazame wale wanawake, maana wengine walinunua mawese kwake. Mahojiano sita yalifunguka. La saba lilitoa picha ya mama mmoja mdomo wazi, ikakwama. La nane halikufunguka. Esther alijaribu la tisa, la kumi, la kumi na tisa, la mwisho. Majina yalikuwepo, ukubwa ulikuwepo, lakini ndani hapakuwa na kitu. Alizima laptopu akaiwasha. Akaichomoa diski, akaifuta kwa kanga, akaichomeka tena. Kufika saa tisa alikuwa amelia mpaka sauti imepotea.

Nikodemu alikuja kutoka barazani na mkasi mkononi. Alitaka kujua diski ililala wapi tangu Alhamisi. Ililala chumbani kwa Esther. Na chumbani kwa Esther analala nani mwingine? Analala Consolate, na wakati huo alikuwa Kibirizi akichambua dagaa. Ndipo Veneranda, ambaye hakuwa amekusudia kusema, akasema kwamba Ijumaa mchana aliingia chumbani kuchukua ndoo akamkuta Consolate amekaa kitandani, diski ameiweka sikioni.

"Sikioni?" aliuliza Nikodemu.

"Sikioni. Aliponiona akaiweka chini."

Esther alikuwa na neno moja kifuani na alijua litafanya nini likitoka. Angeweza kulinyamazia. Lakini alikuwa na hasira, na miezi miwili ya jua la Kibirizi ilikuwa imegeuka majina matupu, naye akalitoa. Akawaambia kwamba Jumatano mama mkubwa alimwomba amfute kwenye video.


Walisubiri mpaka Jumapili baada ya misa. Nikodemu hakupenda kelele, na alikuwa amefunga dirisha linaloelekea kwa jirani. Alimwomba Consolate akae. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama anayesoma vipimo vya nguo: diski ilikuwa nzima Alhamisi, Ijumaa aliishika yeye, Jumamosi haina kitu, na mtu pekee aliyetaka picha zipotee ni yeye.

"Niliomba akate kipande," alisema Consolate. "Sikuomba afute kazi yake."

"Sikioni ulikuwa unasikiliza nini?"

"Kama ina sahani. Diski ya namna ile ina sahani ndani za kuzunguka, hata bila umeme ukiitikisa kidogo unaisikia. Hiyo haikulia kitu. Nilitaka kusema, nikafikiri mtaniambia tena nimetumwa na Martini."

Nikodemu alirudia neno sahani na kumtazama mkewe. Kwake ilikuwa kama mtu kusema kwamba redio ina watu wadogo ndani. Alimuuliza kuhusu Martini. Consolate akasema hakuna kitu baina yao. Hapo Veneranda alisimama. Alitaka yaishe haraka, na alidhani akithibitisha kwamba dada yake hana la kuficha, yatakwisha. Akaingia chumbani, akarudi na begi la Consolate, akalifungua mbele ya wote.

Ndani mlikuwa na magauni mawili, kadi ya chakula ya kambini, dawa ya macho iliyokwisha, shilingi elfu kumi na mbili zilizoviringishwa ndani ya leso, na karatasi yenye namba ya simu ya Martini. Chini ya namba paliandikwa Jumatatu, saa tatu. Nikodemu aliishika karatasi ile kwa vidole viwili. Consolate alieleza kwamba Martini alimwomba awe anakwenda kila Jumatatu kumchapia barua za Kifaransa za watu wanaotafuta ndugu zao, amlipe kidogo, na hakusema kwa sababu aliogopa watamkataza kutembea mjini bila ruhusa. Alieleza mara moja tu. Aliona wameshaacha kusikiliza.

"Barua yako ya ruhusa iliisha lini, shemeji?" aliuliza Nikodemu.

Wote walijua iliisha lini. Consolate alianza kurudisha vitu vyake kwenye begi, kimoja kimoja. Magauni aliyakunja vizuri kuliko Veneranda alivyoyatoa.

Jumatatu asubuhi Veneranda alimsindikiza mpaka Mwandiga, mahali yanapopita magari ya Kasulu, upande wa kambini. Veneranda alimtilia chupa ya mawese kwenye begi, na Consolate akaitoa, akaiweka juu ya jiwe pembeni mwa barabara, si kwa ukali, akasema itamwagikia nguo. Gari lilipokuja alipanda bila kugeuka. Veneranda alibaki amesimama pale na chupa yake, akiwaza kama kwenye kizuizi cha barabara watamshusha.


Asubuhi hiyohiyo Esther alikwenda kwa Bi Honorata kuomba siku. Bi Honorata hakuamini habari za shangazi na mama wakubwa, alikuwa amezisikia nyingi. Alimpeleka kwa Anatoli, fundi wa chumba cha kompyuta. Anatoli aliishika diski ile, akacheka kwa pua kabla hajaichomeka. Aliweka programu ya kuipima, wakakaa kusubiri, na ilipokwisha akaandika namba kwenye karatasi: gigabaiti thelathini na mbili. Hapo ndipo ilipojaa. Kila alichoongeza baada ya hapo ilikuwa inapokea jina na kumwaga kilichobaki.

"Nikufungulie uone?" aliuliza.

Alipenyeza bisibisi kwenye mshono wa kasha. Ndani palikuwa na memori kadi ya simu, ndogo kama ukucha, imebandikwa kwenye kipande cha saketi, na pembeni, upande mmoja, nati mbili za chuma zimezamishwa kwenye gundi ili kitu kiwe na uzito. Nafasi iliyobaki ilikuwa tupu. Anatoli alisema hii ni ya tatu mwaka huu, na kwamba hata mtu asiyejua kompyuta angeihisi mkononi.

Esther aliziokota zile nati zilizong'oka. Bi Honorata alimpa wiki tatu, akamwambia arudie mahojiano ishirini na tano. Esther alisema asante, lakini Bi Honorata aliona kwamba hakuwa amesikia.

Nyumbani aliweka vipande vyote juu ya meza ya cherehani, mbele ya baba yake. Nikodemu alizitazama nati zile kwa muda mrefu. Alikuwa anazijua, alizitumia kwenye miguu ya cherehani. Veneranda alikuja, akauliza ni nini, akaambiwa, akarudi uani na kuanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumanne Nikodemu alikwenda mjini peke yake na vipande ndani ya bahasha. Feliksi alimwamkia shikamoo na kumpa kiti kilekile. Aliisoma risiti kwa sauti, mpaka kwenye maneno ya chini, akasema kwa masikitiko kwamba kasha limefunguliwa, na sasa nani atajua ni nani aliyeweka nati humo. Nikodemu alisema atakwenda polisi. Feliksi hakubadilisha sauti. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza kama yule mama wa Kirundi aliyekuja na binti yake hajambo, na kama bado anakaa kwake.

Nikodemu alikusanya vipande vyake akatoka. Alikuwa amefika barabara kuu, jasho linamtoka, ndipo alipokumbuka kwamba Consolate hayupo tena nyumbani kwake, na kwamba Feliksi hakuwa na kitu cha kumtisha nacho. Alisimama. Alifikiria kurudi. Kisha akaona kwamba akirudi atalazimika kusema ni kwa nini hayupo. Akaenda nyumbani.


Esther alirudi Kibirizi. Baadhi ya wanawake walikubali kurudia. Wengine walikataa, wakataka kujua zile za kwanza alizipeleka wapi, kwa sababu walisikia watu hupiga picha za wanawake na kuziuza nje. Mmoja alimwambia aketi mbali kidogo, dagaa zake zisitazamwe sana. Esther aliwaeleza ukweli kuhusu diski, na aliona macho yao yakipima kama ukweli huo si uongo uliopangwa. Hakuwalaumu. Alijua macho yale, alikuwa nayo wiki iliyopita.

Kila siku alimpigia Consolate, na simu ilikuwa imezimwa. Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, ikaita. Nikodemu, aliyekuwa anasikiliza kutoka barazani, aliinuka akaiomba simu. Alikuwa amepanga maneno siku nyingi. Alipoisikia sauti ya shemeji yake aliuliza habari za afya, habari za macho, habari za chakula. Consolate alijibu kila swali. Alisema kwenye kizuizi walimshusha, wakamweka siku mbili, halafu akarudishwa kambini.

"Ile diski ilikuwa bandia," alisema Nikodemu mwishowe. "Nati na kadi ya simu. Uliijua, shemeji. Ungetuambia."

"Nilisema."

"Ndiyo."

"Nilisema dukani, na nyumbani nikasema tena."

Nikodemu alishika ukingo wa meza. Alimwambia amekosa, amsamehe, na kwamba arudi, atakwenda mwenyewe kumwombea ruhusa hata ikichukua mwezi. Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wengi na injini zinazonguruma. Consolate alisema ameshajiandikisha. Anarudi Burundi, leo hii, yuko kwenye foleni ya mabasi. Nikodemu akamuuliza atafikia kwa nani kule. Consolate aliomba azungumze na mdogo wake.

Veneranda alikuwa mlangoni muda wote. Mikono yake ilikuwa na mawese mpaka viwikoni, na aliionyesha kama sababu. Nikodemu alimnyooshea simu. Akatikisa kichwa. Esther akaichukua, akabonyeza spika, akaishika karibu na uso wa mama yake.

"Dada," alisema Veneranda.

"Ngoja," ilisema sauti. "Wanasoma majina."

Hakukata simu. Labda alisahau, labda alitaka wasikie. Walisimama watatu pale barazani kuizunguka ile simu, na mtu asiyemjua yeyote kati yao alikuwa anaita kwa sauti ya kuchoka, jina na kimya, jina na kimya. Manirakiza na mkewe. Arakaza Ella. Ntahomvukiye na watoto wawili. Veneranda alianza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Nikodemu alivua kofia yake.

"Ntakarutimana Consolate."

"Ndi hano," alijibu, niko hapa, kwa sauti kubwa ambayo hawakuwahi kuisikia nyumbani kwao, na simu ikakatika.